Farasi, Kapsuli na Maziwa ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Machi

Leo ugonjwa umepata jina: anemia ya aplastiki. Daktari wa damu alilitamka polepole, akaniandikia kwenye kikaratasi, akanionya nisiende kulitafuta kwenye simu. Anamwonya fundi simu! Nilikuwa nimeshalitafuta kabla sijafika mwisho wa korido. Nikajuta, nikazima.

Alivyoeleza yeye ni hivi. Ndani ya mifupa kuna uboho, na uboho ndio kiwanda cha damu. Sasa kinga ya mwili, wale askari wanaotakiwa kupigana na vijidudu, wamekivamia kiwanda chetu wenyewe wakidhani ni cha adui. Kimebaki karibu kitupu. Ndiyo maana ngazi za dukani zinanishinda. Ndiyo maana fizi zinatoka damu nikipiga mswaki, na miguu ina madoa ya zambarau mpaka mume wangu anaogopa majirani watasema ananipiga. Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakusomea udaktari, lakini hapo walipatia.

Dawa ni tatu na zinakwenda pamoja. Ya kwanza ni dripu, siku nne, wodini. Inawanyang'anya wale askari silaha. Ya pili ni kapsuli, siklosporini, asubuhi na jioni kwa miezi mingi, ya kuwalaza usingizi wasiamke tena na vurugu zao. Ya tatu ni kidonge, eltrombopagi (jina refu kama treni ya mizigo), mara moja kwa siku, cha kukiamsha kiwanda. Nikauliza kuhusu kupandikizwa uboho. Akauliza kama nina ndugu wa tumbo moja. Sina. Mama yangu alinizaa mimi tu, na ameshatangulia. Basi, akasema, tunategemea hizi tatu.

Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Yangu kwa sasa ina mashaka.

Naogopa. Haya, nimeandika. Sasa nikunje nguo za wodini.

Jumatano, 8 Machi

Dripu imeanza. Kumbe imetengenezwa kutokana na damu ya farasi! Nesi kanieleza huku akifunga plasta, bila hata kutabasamu, kama mtu anayesema sukari inatoka kwenye miwa.

Nikampigia binti yetu, Chiriku. Ana miaka saba na mdomo wake haujawahi kupumzika, ndiyo maana tukampa jina la yule ndege. Akataka kujua kama nitaota mkia. Nikasema daktari hajasema. Akataka kujua kama nikirudi nitambeba mgongoni tukimbie. Nikasema hilo nitaliulizia.

Mwalimu—ndiyo namwita hivyo mume wangu, shuleni Mwalimu, nyumbani Mwalimu, na yeye ananiita Fundi—amekaa kwenye kiti cha plastiki akisahihisha madaftari ya hesabu. Kila baada ya daftari moja anainua macho kuangalia dripu. Maskini, watoto wa leo watapata alama za ajabu.

Jumapili, 12 Machi

Farasi kanipiga mateke. Homa. Kutetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Vipele. Mwalimu alinishika miguu kwa mikono miwili akawa anahesabu kwa sauti, sijui alikuwa anahesabu nini. Nilimwuliza asubuhi. Hata yeye hajui.

Dripu zimekwisha. Moja kati ya tatu tumeivuka.

Jumamosi, 25 Machi

Nyumbani! Kitanda changu. Pazia langu lenye doa la wino.

Na Mama yupo. Mama mkwe, mama yake Mwalimu. Ameliacha duka lake la maziwa kwa wifi yangu, akaja na begi moja na kopo la alumini lenye mfuniko, lita tano. Duka lile amelisimamia tangu alipofiwa na mume, watoto wakiwa wadogo. Wote wanne wamekula, wamevaa na wamesoma kwa maziwa. Kwa hiyo ukimwambia Mama kwamba kuna jambo maziwa hayaliwezi, anakutazama kama umemtukania marehemu.

Tangu jana amefuta nyumba nzima kwa dawa, amepanga foleni ya viatu nje ya mlango, amemfukuza jirani mwenye mafua kabla hajamaliza kubisha hodi. Mimi namheshimu na namwogopa, na sijawahi kujua kipi kinaishia wapi.

Kuna siri moja katika ndoa hii. Sipendi maziwa. Tangu utotoni, ule utando wa juu ukinigusa mdomo nasisimka mgongo mzima. Lakini siku ya kwanza kupelekwa kwake kama mchumba, akaniwekea kikombe kikubwa. Mkwe mtarajiwa unakataaje? Nikanywa mpaka mwisho. Akasema, "Huyu binti anapenda maziwa." Hukumu imepita, na miaka tisa sasa sijakata rufaa. Mwalimu anajua na huwa anacheka pembeni.

Jumatatu, 27 Machi

Leo nimeanza kidonge cha tatu. Kile cha kuamsha kiwanda. Wodini walisema: alfajiri, tumbo tupu.

Mama alikuwa ameshaamka kabla yangu. Kikombe kilikuwa mezani, maziwa yamechemshwa yakapanda mara tatu, yakapozwa, utando juu. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba wamesema tumbo tupu. Akasema maziwa si chakula, mwanangu, ni kinywaji, na dawa kali kama hiyo ikikuta tumbo halina kitu italitoboa. Maziwa yanakata ukali. Ameona watu wengi.

Mwalimu naye akakumbusha kwamba siku ya kutoka alimwuliza daktari: maziwa je? Daktari akajibu yakichemshwa vizuri hayana tatizo. Basi. Karatasi ya ndani ya boksi imeandikwa herufi za kusomwa na sisimizi, na nilikuwa nimechoka.

Nikameza. Mama alisimama mpaka nikamaliza, akanifuta mdomo kwa ncha ya khanga yake kama mtoto. Mgonjwa haulizwi uji, akasema. Na macho yake yalikuwa yamejaa, akageuka haraka kuosha kikombe. Sikujua kwamba ananipenda hivyo. Hata na utando wake, nitayanywa.

Alhamisi, 13 Aprili

Ripoti ya siklosporini: zinanuka nikifungua tu pakiti. Nywele zinaota kwenye mashavu. Chiriku kanikagua kwa makini, akatangaza kwamba farasi anakuja polepole.

La kuudhi ni mikono. Inatetemeka. Spana, fundi mwenzangu tunayegawana naye meza dukani, alinitumia picha ya simu iliyofunguliwa akitaka maoni. Nilimpa maoni. Ila nilipojaribu kushika kibano hapa nyumbani, ile skrubu ndogo ya pembeni, isiyozidi chembe ya mchele, ikaruka mara nne. Nikaiacha sakafuni. Fundi simu mwenye mkono wa kutetemeka ni sawa na mwimbaji mwenye kikohozi.

Daktari amesema itapungua. Haya.

Jumatano, 26 Aprili

Kliniki. Damu bado iko chini, zote, nyekundu, nyeupe na zile chembe za kugandisha. Nimeongezewa damu tena, kama kule wodini. Daktari kaongeza dozi ya kidonge cha alfajiri. Akasema tuvute subira.

Kila nikitolewa damu ya maabara, tundu la sindano halitaki kuziba. Mama amelifanya jambo hilo kuwa kazi yake. Anaweka pamba, anakandamiza kwa kidole gumba, anatazama mbele kama mlinzi wa benki. Pamba inalowa. Anabadilisha. Inalowa. Anabadilisha. Leo tulikaa hivyo kwenye benchi mpaka watu waliokuja baada yetu wakaondoka. Kidole chake ni kigumu, kimezoea kufunga makopo.

Jumanne, 23 Mei

Hakuna kitu.

Daktari hakusema hivyo. Alisema bado ni mapema kwa zile dawa mbili. Lakini kidonge cha tatu, kwa dozi hii, angetarajia kuona angalau dalili. Tukirudi mwezi wa saba hakijafanya kitu, atakisimamisha, kwa sababu hakuna maana ya kulichosha ini bure. Na baada ya hapo? Akapanga kalamu zake. Akasema kuna njia nyingine, nzito zaidi, tutazungumza.

Nyumbani Mwalimu alisema mvumilivu hula mbivu. Nikamwambia mvumilivu mwenye damu kidogo hivi, mbivu hazimfikii mdomoni. Nilikuwa mkali. Akaenda kukaa na Chiriku uani.

Jioni nilimfundisha Chiriku kusuka nywele zake mwenyewe. Mistari imekwenda upande, lakini amejisuka. Akauliza kwa nini ajisuke wakati mimi nipo. Nikasema mikono yangu inatetemeka. Ni kweli, lakini sikumwambia kweli yote.

Ijumaa, 9 Juni

Lazima niandike polepole.

Nilikwenda kuongezewa damu. Dirishani, kuchukua vidonge, alikuwepo mfamasia ambaye sijawahi kumwona, mama mwenye miwani ya kamba shingoni. Akanipigia hesabu ya vidonge, akaniuliza tu, kwa mazoea, kile cha alfajiri unakimeza na nini.

Nikasema na maziwa.

Mkono wake ukasimama juu ya boksi. Akauliza: kila siku? Kila siku. Akavaa miwani. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Akanieleza kwamba maziwa yana madini, kalisi, na hiki kidonge kikikutana nayo tumboni vinashikana, vinatoka pamoja. Dawa inapita mdomoni, mwilini haiingii, au inaingia kidogo sana. Maji matupu, akasema. Na maziwa yakae mbali nacho, saa nne kabla ya kumeza na saa mbili baada ya kumeza, yasikaribie.

Nikamwambia daktari alisema yakichemshwa hayana tatizo. Akasema alikuwa anajibu habari ya vijidudu.

Nilicheka pale dirishani. Watu walinitazama. Mteja akija dukani na simu haijazi chaji, betri mpya, saketi nzima, swali langu la kwanza kabla hata sijashika bisibisi ni lipi? Unachaji na nini! Na nina lenzi ya kusomea namba za saketi, ile karatasi ya sisimizi ningeisoma yote kabla chai haijapoa. Sikuisoma.

Kwa hiyo kidonge kinaweza kuwa hakijafeli. Kinaweza kuwa hakijaanza. Nikageuka nimwambie mtu.

Kwenye benchi alikuwa amekaa Mama, chupa ya chai mapajani. Ndani yake maziwa, kwa ajili yangu, ya kunitia nguvu baada ya damu. Aliponiona akaanza kufungua kifuniko. Akanimiminia.

Nikanywa.

Jumamosi, 10 Juni

Alfajiri nilimeza kidonge bafuni kwa maji ya bomba, mlango nimeufunga, kama mwizi. Kisha nikatoka nikamwambia Mama nina kichefuchefu. Akasikitika. Akamimina nusu ya maziwa akaniletea kikombe kidogo zaidi! Nikasema baadaye. Akakaa kusubiri baadaye.

Mwalimu nilimvuta chumbani nikamweleza. Alikaa kitandani. Akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia haya hayakumwagika, niliyanywa. Nikamwambia yeye ni mwanawe, aende akaseme. Mwanaume mzima, anayesimama mbele ya watoto hamsini na chaki mkononi, akaniambia, "Fundi, siwezi. Utamsikia analia."

Akapendekeza tuyamwage kwenye sinki kimyakimya. Halafu akasikia mwenyewe alichosema. "Maziwa ya mama yangu? Kwenye sinki?" Akashika kichwa.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwetu inapita jikoni kwa Mama. Kesho nitasema mwenyewe.

Lakini nasemaje? Ameacha duka lake. Amelala kwenye godoro la chini miezi hii yote. Nimwambie kwamba mkono wake ndio uliokuwa unaziba dawa?

Jumapili, 11 Juni

Nimesema.

Alikuwa anachemsha. Nilimwomba azime jiko, akazima, akadhani naumwa. Nikamshika mkono nikamwambia yote, mfamasia, kalisi, kushikana, maji matupu. Nilisema haraka na vibaya. Nilisema "sisi" kila mahali palipokuwa "wewe."

Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kila siku?"

"Kila siku, Mama."

Akaichukua sufuria, akaifunika. Akaosha kikombe changu, akakikausha, akakirudisha kabatini nyuma ya vingine vyote. Kisha akaenda chumbani kwa Chiriku, anakolala, akafunga mlango. Hakulia. Mwalimu alisimama nje ya mlango kusikiliza, akarudi akasema hasikii chochote, na hiyo ndiyo iliyomliza yeye.

Jumatatu, 12 Juni

Begi lake lilikuwa mlangoni. Kopo la alumini juu yake, limefungwa kwa kamba. Amevaa viatu.

Akaniambia nisamehe. Mimi! Akasema, "Nilikuja kukuuguza, mwanangu, kumbe nakumaliza. Wacha nikae mbali na wewe upone."

Mwalimu alikuwa amesimama na glasi ya maji, hajui ampe nani. Likanitoka neno lililokuwa karibu.

"Mama, mimi sipendi maziwa."

Akaniangalia.

"Sijawahi kuyapenda. Tangu siku ile ya kwanza. Ningesema siku ile, nisingeyanywa na dawa. Nilinyamaza kwa heshima, na wewe ulichemsha kwa upendo. Kosa tumelipika wawili. Huwezi kuondoka nalo peke yako."

Akamgeukia Mwalimu. "Ulijua?" Mwalimu akanywa ile glasi ya maji yote.

"Miaka yote hii," Mama akasema. "Na ule utando nilikuwa nakuwekea wewe, nawanyima wengine!"

Akaanza kucheka. Ikawa kicheko cha kweli, kile kinachokunja tumbo, akakalia begi lake mwenyewe akicheka, na machozi yakaja humohumo, na mimi nikakaa sakafuni karibu yake nikaweka kichwa mapajani kwake. Kitu ambacho sijawahi kukifanya. Akaniwekea mkono kichwani. Unanuka maziwa ule mkono. Kusema kweli, nilipenda.

Chiriku alikuja akauliza nani amekufa. Tukasema hakuna. Akasema basi viatu vya Bibi mbona viko ndani?

Jumatano, 14 Juni

Utawala mpya. Yule aliyekuwa analeta kikombe sasa analinda mlango. Alfajiri anakaa jikoni, mikono kifuani. Kidonge, maji, basi. Baada ya hapo hakuna kinachopita. Mwalimu aliingia na mkate, akaambiwa aufute mdomo kwanza, ana siagi. Chiriku haruhusiwi kunibusu mpaka amalize kunawa uso.

Amechukua lenzi yangu ya dukani, amesoma karatasi ya boksi yote. Yote! Sasa anasoma pakiti za biskuti. Ameshamsimamisha jirani dirishani kumweleza habari za kalisi. Jirani alikuwa amekuja kuomba chumvi.

Aliniuliza ninachopenda kunywa, safari hii nijibu kwa ukweli. Nikasema chai ya rangi, sukari kidogo. Akaguna. Akasema chai bila maziwa ni maji yaliyopata aibu. Lakini kaipika, saa nne asubuhi, akaniletea kwa mikono miwili.

Jumamosi, 1 Julai

Leo kidogo tu.

Mchana Mama alikunywa maziwa yake peke yake uani, kikombe kile kikubwa. Nilikaa naye na chai yangu. Akanieleza jinsi alivyofungua duka, siku ya kwanza hakuna mteja, akayanywa mwenyewe na wanawe mpaka wakaugua tumbo. Hajawahi kunieleza habari zake. Labda kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umejaa maziwa.

Skrubu iliyoruka mwezi wa nne, Chiriku kaiokota chini ya kabati. Nimeishika kwa kibano. Ikakaa. Ilitetemeka, lakini ikakaa.

Kuna kitu kingine, cha kwenye mswaki asubuhi. Au niseme, kitu ambacho hakikuwepo kwenye mswaki. Siandiki. Nisije nikakitisha.

Jumatatu, 17 Julai

Kesho kliniki. Ndiyo siku ya kidonge cha tatu, kibaki au kisimamishwe. Mwalimu ameomba ruhusa shuleni. Amepiga pasi shati ambalo lilikuwa limeshapigwa.

Chiriku alitaka kujua wakisema hapana itakuwaje. Mama akamjibu kabla yangu kwamba wakisema hapana tutauliza swali lingine. Nikaona hilo ni jibu zuri, nikaliandika hapa. Nataka kuishi. Nataka kumsuka mwanangu mpaka akatae mwenyewe kusukwa. Wiki hizi tano za maji matupu ni chache, daktari anaweza kusema ni chache mno, najua. Lakini nataka.

Jumanne, 18 Julai

Naandikia kwenye benchi la korido, daftari liko gotini. Wametoa damu, sasa tunasubiri majibu. Mwalimu anatembea mpaka dirisha la mwisho na kurudi, mpaka mfagiaji amemwomba achague upande mmoja.

Mama alikuwa amejiandaa. Mfuko ule uliokuwa wa chupa ya maziwa leo ulikuwa umejaa pamba, ya kutosha kujazia godoro. Nesi alipochomoa tu sindano, akakaa kushoto kwangu, akaweka pamba, akakandamiza. Kidole gumba kilekile. Macho mbele. Akatoa pamba ya pili mapema akaiweka tayari gotini, na ya tatu juu yake.

Nikaendelea kuandika tarehe.

Baada ya kitambo akainua kidogo kuangalia kama imelowa, abadilishe. Akairudisha haraka. Akakandamiza tena. Akainua tena, safari hii akainama mpaka pua ikagusa mkono wangu. Akatoa lenzi kwenye mfuko. Lenzi yangu! Kumbe anatembea nayo. Akaangalia.

Pale pana nukta moja nyekundu, ndogo, kavu. Imekaa. Haisogei.

"Imeziba," akasema. Hakusema kwa sauti. Pamba ya pili na ya tatu bado ziko gotini kwake, nyeupe.

Mtu anaweza kudanganywa na nukta. Majibu ndiyo majibu, na majibu hayajatoka, na kuziba mara moja si kupona, mimi fundi najua, simu inawaka dukani inazima mlangoni kwa mteja. Lakini mkono wangu wa kuandikia unatetemeka, na leo siisingizii kapsuli.

Mwalimu amefika, ametuona, amesimama. Anaangalia zile pamba nyeupe, anahesabu, naona midomo inavyokwenda.

Mlango wa daktari umefunguliwa. Nesi ana karatasi, anatafuta sura yangu kwenye mabenchi. Uso wake hausomeki. Mama bado amekandamiza, palepale, kwa nguvu zake zote, ingawa hakuna tena cha kuzuia. Nimemwambia, Mama, niachie nisimame, tunaitwa.

Hajaniachia.